Diski ya Marehemu Juu ya Mti wa Kaki

Jumatano, 2 Novemba

Fusae, funga hilo domo! Jirani gani wewe? Leo kwenye mazoezi ya asubuhi bustanini, wazee wote mikono juu, katangaza kwamba marehemu mume wangu Tokuji hakuwahi kutengeneza gemu lolote. Eti kwenye ile kampuni ya magemu alikuwa akimimina chai! Miaka sita mtu anarudi nyumbani macho mekundu kama nyanya, kisa kambare mmoja wa kwenye skrini anayeuza tofu. Kampuni ikafa kabla gemu halijatoka. Ushahidi hakuna.

Upo! Mkamwana wangu Satsuki kasema pale mtaani Nipponbashi kuna duka la Bwana Kujirai, mpimaji wa diski za magemu ambayo hayakuwahi kuuzwa. Hii halisi, hii feki. Nami ninayo diski ya kambare. Tokuji aliandika juu yake kwa mkono wake, kalamu nyekundu. Baada ya mazishi niliitundika kwenye mti wa kaki nyuma ya nyumba, itishe kunguru wasile matunda. Kunguru wenyewe hawatishiki.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimepanda ngazi, nimeishusha. Mavi ya kunguru pande zote! Nipeleke uchafu dukani kwa watu? Sikulelewa porini. Nikaisugua kwa stili waya na unga wa masufuria mpaka nikajiona meno.

Satsuki akaingia jikoni, akapiga ukelele kama kaona nyoka. Eti Mama, maandishi ya Baba yako wapi? Yamekwenda na maji. Eti huo ndio ulikuwa ushahidi. Nikamwambia ushahidi wenye mavi si ushahidi, na apige deki hapo aliposimama.

Ijumaa, 4 Novemba

Nimeyaandika upya. Brashi, wino mweusi. Mwandiko wa Tokuji ulikuwa kama kuku kaparura. Wangu mwalimu aliusifu kabla sijaachishwa shule. Jina la Tokuji nimelifanya kubwa kuliko la kambare. Tarehe? Nikaweka ileile ninayojaza kwenye fomu za pensheni: mwaka wa nne wa mfalme wa sasa. Nikaifunga kwa kitambaa cha hariri.

Nimemwalika Fusae. Ashuhudie, kisha aniombe radhi mbele ya wazee wote, mikono juu!

Jumamosi, 5 Novemba

Bwana Kujirai kavaa glavu nyeupe kama daktari. Akaigeuza diski. Glavu ikawa nyeusi. Akauliza kwa adabu, eti Bibi, wino huu ni wa lini? Nikamwambia asinihoji kama polisi. Akasoma tarehe. Akauliza mzee alifariki lini. Miaka tisa iliyopita. Basi, akasema, mzee kaandika enzi ya mfalme ambaye hakuwahi kumwona akitawazwa.

Fusae alicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

Kujirai akaitia diski kwenye mashine. Ikakoroma, ikaitema. Mikwaruzo! Hukumu: feki. Fusae akanigeukia, eti mwenzangu, hata ile chai yake nadhani ilikuwa feki.

Kujirai kanisindikiza mlangoni akiinama. Eti kambare huyo anatafutwa miaka mingi. Iliyo halisi ingekuwa chafu, kalamu nyekundu, mwandiko mbaya. Nikipata nyingine nisiiguse hata kwa pumzi. Nikamjibu mimi si mtu wa kufundishwa.

Jumapili, 6 Novemba

Upepo umepukutisha majani ya kaki. Tawi la juu kabisa: diski ya pili! Kumbe nilitundika mbili. Imejaa mavi, lakini wekundu unaonekana mpaka huku chini. Kambare. Jina la Tokuji. Kuku kaparura vilevile. Nimesimama nikaitazama kidogo. Mjinga yule, kweli alilitengeneza.

Fusae anachungulia juu ya ua. Satsuki kaukumbatia mti, analia, eti Mama nakuomba, tumwite Bwana Kujirai aje mwenyewe. Aje aone mavi nyumbani kwangu? Kosa la jana nimelijua: wino haukukauka, na stili waya ilikuwa kuukuu.

Satsuki, uachie huo mti! Nishikie ngazi. Kisha kimbia ukanunue stili waya mpya, na urudi na kile kikausha nywele chako.