Kipupwe cha Uholanzi

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Habari imeenea Makorora yote! Khairiya, mpwa wangu aliyeolewa Uholanzi, anamwalika mamake, dada yangu Turkiya, akakae naye mwezi mzima. Na mtu mmoja wa kumshika mkono, kwa sababu ya magoti. Magoti ya dada yakiguswa na baridi hulia kama mlango mkuukuu.

Mtu huyo ni nani kama si mie? Barazani kwetu kuna mwingine aliyeishi Uholanzi? Mwaka 1989! Wenye wivu husema ile haikuwa kuishi. Basi niandike hapa, daftari halina mdomo: nilipanda meli ya Waholanzi pale bandarini Mombasa, kupeleka ndimu. Nikapewa jibini. Jumla nilikaa saa mbili na nusu. Lakini meli ni ardhi ya mwenye bendera! Hilo hata mie niliyeacha shule darasa la tano (kwa hiari, walimu walikwisha choka) nalijua.

Kikwazo ni Yakoub. Shemeji yake dada, ami yake Khairiya, karani mstaafu. Naye anaitaka nafasi. Akafanye nini Ulaya? Mtu anayekwenda Pangani na mwavuli!

Ijumaa, 3 Oktoba

Baada ya sala dada katuita sote wawili. Kasema atakwenda na yule atakayemwambia majira mazuri, yasiyomuumiza magoti. Yakoub akasema hajui, itabidi aulize. Hajui! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anasema hajui mbele ya watu na wala hana haya.

Mie nikajibu papo hapo: kipupwe. Kaupepo kanapita, jua la adabu, unavaa msuli na fulana, unapanda baiskeli kama uko Ngamiani. Nikawaonyesha na jinsi Mholanzi anavyopiga kengele. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Akasema haya, mpelekee mtoto ujumbe.

Nikarekodi: mwanangu, tufanyie kipupwe, mjomba wako anakujua huko.

Jumatatu, 6 Oktoba

Jibu limekuja, ila si la Khairiya, yeye yuko kazini. Ni la mumewe, Alexander. Kijana ana heshima, kaanza na shikamoo mjomba. Kiswahili chake cha kitabuni, kimenyooka kama rula. Anasema amefurahi sana, amefungua kamusi, na barua ya mwaliko amekwisha iandika kama nilivyotaka: Januari.

Januari!

Kipupwe changu mie ni Juni na Julai, kama cha watu wote wenye akili. Kumbe kwenye kamusi yake kipupwe ni ule wakati wao wa baridi ya kuua. Nani kamtuma afungue kamusi?

Ningeweza kusema pamekuwa na kosa. Lakini Yakoub alikuwa kakaa pale pale, anamenya chungwa taratibu, anasubiri. Nikasema ndiyo, Januari, sawasawa kabisa. Januari hapa Tanga jua linapasua vichwa. Wao jua lao jingine?

Jumanne, 7 Oktoba

Yakoub kaja na simu. Kamwonyesha dada picha za Januari ya Uholanzi. Baiskeli zimevaa theluji kama kofia. Mifereji imeganda, watu wanatembea juu ya maji. Dada akashika magoti yote mawili.

Nikamwambia asitishike, ile ni baridi kavu. Baridi kavu haiingii magotini, inaishia kwenye nguo. Mie Januari ya kule nilikuwa naoga nje. (Sijui maneno haya hutoka wapi. Huja yenyewe.)

Yakoub akasema vizuri sana, shemeji. Nasri muuza samaki ana chumba cha barafu. Kaa mle nusu saa na huo msuli wako tukuone. Dada akasema naam, naye atakuja kutazama.

Huyu Yakoub ataniua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimenunua koti la mtumba. Zito kama godoro, manyoya kolani. Mpango: nilivae ndani, juu nitupie kanzu, nani atajua? Kanzu imepasuka mgongo mzima. Basi tena, msuli na fulana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niliingia kifua mbele. Nguru wamepangwa wananitazama. Nasri akafunga mlango.

Nasri anadai nilikaa dakika nne. Saa ya Nasri haiaminiki. Meno yalipoanza kugongana nikabisha mlango kistaarabu. Wanasema niliupiga mateke. Yakoub akaniuliza kutoka nje, kwa upole kabisa, ati Uholanzi nilikaa mtaa gani. Nikasema funguo! Akasema hajapata kuusikia mtaa huo, uko upande gani?

Hapo ndipo iliponitoka: "Ilikuwa meli! Mombasa! Ndimu tu! Fungueni, nafa mie!"

Maneno ya mtu aliye barafuni hayahesabiki.

Mlango ulipofunguliwa dada alikuwa mbele kabisa. Wote walicheka, yeye hakucheka. Alinifunika kanga yake. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mafua. Hata mto unanuka nguru. Dada kaniletea uji wa pilipili manga. Kasema amezungumza na Khairiya mwenyewe: barua itaandikwa upya, mwezi wa sita, na mwezi utajwe kwa namba. Atakwenda na Yakoub.

Nikamuuliza dada, huyo Yakoub anajua nini cha Ulaya? Akasema hajui kitu, lakini akiwa hajui husema hajui. Halafu akawa anakoroga uji ambao ni wangu mie, akasema tangu siku ya kwanza moyoni alikwisha nichagua, kwani ni nani mwingine wa kumchekesha njia nzima. Ningesema tu siku ile kwamba Januari ni kosa, basi.

Alipoondoka nimelifikiria sana jambo hili. Nimelipindua huku na huku, koo linawasha.

Kosa ni la Alexander.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetoka barazani, afya imerudi. Hatibu wa Mabawa anakwenda kwa bintiye Durban, mwezi Januari. Kasema bintiye kamwambia abebe nguo nyepesi, Januari kule watu wanaogelea baharini.

Nilimhurumia. Mtu anapotezwa na mwanawe wa kumzaa! Nikamwambia Januari ng'ambo ni theluji, nimeiona kwa macho yangu, imekaa hadi juu ya baiskeli. Nikaenda kumletea lile koti. Nikamvalisha mwenyewe, nikamfunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Jasho likamtiririka. Nikamwambia atanishukuru.

Akaniuliza mie Durban nilikaa lini.

Mwaka 1992, nikamwambia. Mtaa usiniulize.