Viti Vyeupe vya Kigari Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kigari namba tano kimerudi kutoka kwa fundi. Viti vipya. Rangi ya maziwa, uzi wa buluu pembeni, vimejaa kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Dereva wake ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kazi hapa klabu ya gofu nilimtafutia mimi. Nilimshika mkono hadi ofisini kwa meneja, nikamsifia mpaka mate yakanikauka. Leo wachezaji watatu wamekipita kigari changu, namba nne, wakaenda kupanda chake. Wa nne alinijia, akatazama kiti kilivyopasuka na sponji lilivyochungulia nje, akasema atatembea, daktari amemshauri mazoezi. Daktari gani huyo.

Nimemweleza mke wangu. Nilitarajia pole. Akauliza kama nimeuona ule uzi wa buluu, maana yeye ndiye aliyemchagulia mdogo wake.

Jumanne, 4 Machi

Meneja ametukusanya karakana asubuhi. Jumamosi ni ufunguzi wa mashindano, na Mama Mlezi wa klabu atazungushwa uwanja mzima kwa kigari. Atakayemwendesha vizuri ndiye atakayekuwa kiongozi wa madereva. Aliyasema hayo akimtazama shemeji. Shemeji naye alikuwa akitazama viatu vyake kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wake ndio unaoniudhi zaidi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema namba nne nayo itakuwa na viti vipya Jumamosi. Meneja akashangaa, kwani zamu yangu kwa fundi ni mwezi ujao. Nikasema nina fundi wangu, mtu makini, anafanyia kazi nyumbani. Akauliza kama nina hakika naye. Nikasema namfahamu tangu utotoni.

Jioni nimefungua skrubu, nimetoa mto wa kukalia na wa kuegemea, nimeibeba kichwani hadi nyumbani. Kesho nitaendesha nikiwa nimekalia kreti la soda. Historia imejaa watu walioanzia chini.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kung'oa pini. Aliyezipigilia alikuwa na ugomvi na dunia. Kila nikichomoa moja kwa bisibisi, mbili zinanichoma mimi. Kitambaa cha zamani kilipogoma kutoka, nilikipasua vipandevipande nikakitupa kwenye pipa la taka. Mke wangu, ambaye ni mshonaji, akauliza sasa nitakata kipya kwa kipimo gani, maana kile cha zamani ndicho kilichokuwa kielelezo. Nikamjibu kwamba nina jicho la kupima. Akarudi kwenye sare za shule anazoshona, na mgongo wake ulikuwa unacheka.

Nimenunua ngozi bandia nyeupe pe, inayong'aa. Rangi ya maziwa si mbaya. Ila nyeupe pe ni nyeupe pe.

Sponji la zamani limelala bapa. Nikapata wazo. Kama kiti cha shemeji kimejaa, changu kitajaa mara mbili. Nimekata kipande kinono kwenye godoro letu. Upande wangu tu, kwa uungwana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka kiuno kikiwa kimegusa mbao za kitanda. Mke wangu mlimani, mimi bondeni. Alilitazama lile shimo la mraba, akanitazama na mimi.

"Yaani ulimtafutia mdogo wangu kazi ili uje umwonee kijicho?"

Nikasema hicho si kijicho, ni kulinda viwango vya kazi.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Alipokwenda sokoni nikakaa kwenye cherehani yake. Sindano ya kwanza ilivunjika kabla sijapata mkao. Ya pili ilifika nusu. Ya tatu sijui ilikokwenda, na bora watoto wa jirani wavae viatu. Mke wangu aliporudi alifunika cherehani, akaifunga, akautia ufunguo kifuani. Basi, hakuna kushona. Nitavuta ngozi na kupigilia pini.

Mchana shemeji akaja kumsalimia dada yake. Akanikuta sakafuni, nimeukalia mto, stepla mkononi.

"Shikamoo, shemeji," akasema. "Hiyo ngozi ianike juani kwanza ilainike. Halafu anza kupigilia katikati, pembe ziwe za mwisho."

Alisema kwa upole, akavua hata saa ili anisaidie. Nikajua amekuja kupeleleza. Nikamwambia asante, fundi ana mtindo wake. Alipoondoka nikaanza na pembe, kivulini. Mto mzima ukafanya mikunjo kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nimeamua hayo ni mapambo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha viti. Kwa mbali, namba nne inang'aa kuliko kitu chochote pale uwanjani. Kwa karibu sijamruhusu mtu.

Kuna jambo moja dogo. Ngozi niliikunja chini ya ubao wa mto na kuipigilia juu ya matundu ya skrubu. Sasa sijui matundu yako wapi. Skrubu nimezitia mfukoni. Mto umekaa wenyewe, ni mzito, na Mama Mlezi naye si mwepesi. Watashikana.

Meneja alitazama akiwa mlangoni mwa ofisi yake, akasema kweli fundi wangu ni makini. Safari ya kesho kanipa mimi. Shemeji akaja kunipa mkono wa hongera. Niliutafuta wivu usoni mwake kila pembe, nikaukosa. Imeniharibia siku.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe.

Mama Mlezi alifika saa tatu, gauni la kijani, kofia pana. Ni bibi wa miaka themanini. Alishindwa kukifikia kiti, ikabidi aletewe kigoda. Alipokaa, kofia ikagusa paa na miguu ikaning'inia.

"Mwanangu, mbona nimekaa kama niko kwa kinyozi?"

Nikamwambia, mama, hivyo ndivyo uwanja unavyoonekana vizuri. Nikaondoka taratibu. Wageni wakapiga makofi. Shemeji alikuwa nyuma yetu na namba tano, amebeba maji ya kunywa. Nilimwona kwenye kioo, nikasikia raha hadi kwenye kucha.

Kwenye bwawa nikakata kona kulia. Mto ukaenda kushoto. Mama Mlezi akaenda nao, amekaa wima, mikono magotini, akateleza nao juu ya nyasi kuelekea majini. Kofia ilibaki imenasa kwenye paa. Mimi niliganda kwenye usukani, nimekalia chuma kitupu. Shemeji aliruka kutoka kigarini, akakimbia, akaingia kwenye matope hadi magotini, akauzuia ule mto kwa mikono miwili. Ilibaki hatua moja.

Hakuumia. Meneja alifika anahema, akauliza huyo fundi wangu ni nani na yuko wapi. Mimi nikaanza kuinasua kofia kwenye paa.

"Ni sisi wawili, bosi," shemeji akasema, bado yuko matopeni. "Tulivitengeneza nyumbani. Skrubu nilipaswa kukagua mimi."

Mama Mlezi alianza kucheka. Akasema tangu alipokuwa msichana hajateleza hivyo, na asifukuzwe mtu. Akamalizia safari kwenye namba tano. Meneja aliniambia baadaye kwamba kazi yangu ilikuwa imeshaota mbawa, shemeji ndiye aliyeidaka.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu, suruali yake imekauka matope. Nilimuuliza kwa nini alisema vile. Akasema, "Wewe ulinishika mkono siku ile, shemeji. Ungeniacha, leo ningekuwa wapi?"

Kidogo nilie. Nilishamshika bega kabisa. Kisha watu watatu wakatusimamisha njiani kumpongeza kwa ukweli wake. Mke wangu naye alipofungua mlango alimpokea kama mfalme, akamtengea maji ya moto ya kuoga. Maji niliyokuwa nimewekewa mimi. Hata kosa langu, akilivaa yeye, linampendeza.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji ametangazwa kiongozi wa madereva. Jambo la kwanza alilomwomba meneja ni kwamba namba nne iende kwa fundi leo hii, isingoje mwezi ujao. Viti vyangu vitakuwa rangi ya maziwa, uzi wa buluu, sawasawa na vyake. Nimemshukuru mbele ya wenzetu wote. Nimesema yaliyopita nimeyafuta, mimi sasa ni mtu mpya, na nilisema kwa moyo mweupe.

Moyo ulikaa mweupe hadi saa sita. Saa sita meneja alimfungia kigarini honi ya kiongozi. Ndogo, ya sauti mbili, tamu kama ndege. Kila anayepita anaomba aisikie.

Nimepita kwa fundi magari jirani yetu. Ana honi ya lori, haina kazi. Ameonya kwamba betri ya kigari itakufa kwa milio miwili. Mimi nahitaji mmoja tu, shemeji akiwa amenipa mgongo.