Ndege wa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 2 Oktoba 1961. Mvua tangu alfajiri.

Kesho binamu yangu Sanggau anapanda mto kwenda kumposa Suri. Suri wangu! Mwenyewe kaniambia, tulipokuwa tukichuma mboga za mwituni: mwezi mpya ukiandama kabla Sanggau hajafika, baba yake atanisikiliza mimi. Zimebaki siku saba. Basi Sanggau asifike! Ketupong, kile kigogota kidogo, akilia kuliani mwa msafiri, safari ni ya heri. Akilia kushoto, unageuza mtumbwi na kukaa nyumbani siku tatu. Na mimi humwigiza ketupong hata ketupong mwenyewe huitika. Nani ataniweza?

Jumanne, 3 Oktoba.

Nimejibanza msituni kwenye kona ya mto tangu asubuhi. Ruba kumi na wawili, mmoja sikioni. Mtumbwi ukaja, nikautazama uso kwa uso. Nikahakikisha niko ukingo wa kushoto: nikainua mkono nisiolia chakula. Sawasawa! Nikapiga mluzi mara tatu. Mjomba Bakit, msomaji wao wa ndege, akasimama mtumbwini akishangilia. Sanggau akacheka hadi kasia likamponyoka. Halafu wakasonga mbele, mbio! Sielewi. Labda Mjomba amezeeka.

Jumatano, 4 Oktoba.

Mvua ina huruma kuliko watu. Mto umefurika, maporomoko hayapitiki, wamerudi wamelowa chapachapa. Lakini Sanggau anatamba ukumbini mbele ya familia zote za nyumba yetu ndefu, eti ndege kamlilia kulia mara tatu. Kulia! Akaniuliza mbona uso umevimba, nimeng'atwa na nyigu au na wivu. Wakaangua kicheko, hata wale ninaowakopesha nyavu.

Nimemweleza Bibi Mengga yote. Amecheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Akasema, "We mjukuu wangu, si uliwatazama wao? Kushoto kwako ndiyo kulia kwao. Badili mkono, baba." Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Nimeelewa. Nadhani.

Ijumaa, 6 Oktoba.

Mto umeshuka, wameondoka tena. Safari hii nimekaa mkono wa kulia, kama alivyosema Bibi. Tena nikaongeza akili yangu: nikawapa mgongo, nikatazama kule wanakokwenda, wasije wakaniona uso. Nimekalia kiota cha majimoto, wale sisimizi wakali, nikavumilia. Nikapiga mluzi mpaka midomo ikafa ganzi, hondohondo wakakurupuka juu ya miti. Mjomba Bakit akatokwa na machozi. Akasema tangu azaliwe hajasikia ketupong wa kulia mwenye bidii namna ile.

Wa kulia? Si nilibadili mkono? Nimeutazama mkono wangu jioni nzima. Ni ule ule.

Jumapili, 8 Oktoba.

Wamerudi wakipiga patu za shaba. Imekwisha.

Mjomba Bakit anasimulia kwamba baba yake Suri alikwishakata shauri kumkataa Sanggau, maana ni mvivu shambani na wote tunajua. Lakini aliposikia kuwa ndege amelia kulia safari mbili, na kwa kelele zile, akaogopa kupingana na bahati. Akaikubali posa palepale. Suri akamuuliza Mjomba habari zangu: Unggat yuko wapi, mbona yeye haji? Mjomba akamwambia hajui, siku hizi nashinda msituni.

Nimelia. Naandika ukweli, nimelia. Bibi leo hakucheka. Alinipakulia wali na samaki aliyepikwa ndani ya mwanzi, nikashindwa kula.

Jumanne, 10 Oktoba.

Nimeligundua kosa! Kosa lilikuwa ndege. Ndege ana kulia na kushoto, anachanganya watu bure. Paa je? Paa akibweka njiani, upande wowote ule, arusi inaahirishwa. Tangu asubuhi nabweka nyuma ya banda la nguruwe, na mbwa wote wa nyumba wamenizingira, ushahidi kwamba najua kazi. Siku Sanggau atakapokwenda kumchukua Suri nitajificha kichakani, karibu kabisa na njia, nimejifunika ngozi ya paa ya marehemu babu, ili wakiona manyoya waamini.

Bibi ameniuliza wasindikizaji wa Sanggau watabeba bunduki ngapi. Nimemjibu saba. Ameanza kulia. Sijui ana nini.