Seva ya Uongo Haikatai

Jumatatu, 7 Juni 2004

Shirika la Bujumbura limenipa kazi mimi, Ramazani. Si Anwari wa fotokopi ng'ambo ya barabara. Mwenye wivu ajinyonge. Kazi yenyewe: programu ya kuuliza seva yao kila asubuhi kama barabara ya kwenda Bujumbura iko salama, kabla mabasi hayajaondoka Rumonge. Ila seva yao bado haijawashwa, na laini ya simu imekatika tangu Pasaka. Si neno. Nimetengeneza seva ya uongo humu humu ndani ya kompyuta yangu, ya majaribio. Programu ikiuliza, inajibu: WAZI. Jibu ni hilo moja tu, nimeliandika kwa mkono wangu.

Jumanne, 8 Juni

Nimeiuliza mara arobaini. Haikukosea hata mara moja. Akili ni mali.

Akapita Mama Mwavita, anakwenda kupanda basi na mabido yake, madumu ya mafuta ya mawese. Huyu ndiye mama yake Mwamini, na ndiye atakayeamua kama napewa binti au sipewi. Akauliza hiyo mashine inafanya nini. Ningemwambia ni majaribio? Mkwe haonyeshwi majaribio. Nikabonyeza. WAZI. Akasema murakoze, asante, mwanangu. Mwanangu! Abiria wenzake walikuwa wanangoja habari za askari. Yeye akamhimiza dereva, wakaondoka. Anwari akauliza kutoka mlangoni kwake: waya wa simu yangu unaning'inia, sasa hilo jibu limepita wapi? Wivu tu.

Jumatano, 9 Juni

Kumepigwa risasi mbele ya Magara. Barabara imefungwa tangu jana. Basi la Mama Mwavita halijulikani liko wapi. Mwamini amekuja kulia mlangoni kwangu, ananiuliza mama yake nimempeleka wapi. Nimeogopa. Alipoondoka nimeuliza kompyuta. WAZI. Nikapata nafuu kidogo.

Ijumaa, 11 Juni

Amerudi mzima, alhamdulillahi. Nimelia, na Anwari ameniona. Askari waliwazuia Magara; siku mbili amekaa ufukweni juu ya mabido yake, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa pande zote. Harufu bado anayo. Nimekwenda kumpa pole na kumweleza habari ya seva ya majaribio. Amenisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Amesema tu kwamba habari za Mwamini, nikaiulize mashine yangu.

Anwari amempelekea sabuni. Mnafiki.

Jumamosi, 12 Juni

Nimeyapima maneno ya mama mkwe. Amesema niulize. Mtu anayekataa hasemi niulize. Basi nimeongeza swali kwenye programu: Mwamini napewa? Na kwenye seva nimeandika jibu lake, la majaribio tu. Nimebonyeza mara kumi.

Mara zote kumi: NDIYO.

Mchana nimekwenda kwa fundi kupimwa kanzu.