Zulia Linalotoa Pole

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata zulia! Jekundu, ukuta hadi ukuta, linameza kisigino. Muuza samani kuukuu kalitoa nyumbani kwa bibi mmoja aliyefariki. Warithi walikuwa na haraka ya kuliondoa. Sikuuliza haraka ya nini. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana vigae tu. Atakoma.
Mke wangu akaingia, akapiga chafya mfululizo, akashika kifua. Akanikumbusha kwamba ana mzio wa vumbi, daktari alishasema. Nikamwambia zulia litamzoea.

Jumanne, 5 Machi
Mke kasema akibanwa kifua tena, litoke zulia au atoke yeye. Nimelikokota uani, nikalichapa mpaka mkono ukafa ganzi. Vumbi likapanda, halikushuka. Likaelea pale, kimo cha mtu. Nilipolirudisha zulia ndani, likatufuata.

Jumatano, 6 Machi
Ajabu. Niko jikoni, mke kapiga chafya sebuleni. Kaja anatabasamu, ananishukuru. Eti nimemwambia, "Pole, mwanangu." Tangu tuoane hajawahi kuisikia pole yangu. Hata leo sikuitoa mimi. Mdomo ulijaa mkate. Nikameza, nikasema ni kawaida tu. Sifa zinakataliwa?

Alhamisi, 7 Machi
Kila chafya, pole. Mimi kazi yangu ni kutokuwepo sebuleni. Mke kalainika, habari ya kutoa zulia kaisogeza mbele. Anashangaa tu kwa nini siku hizi naongea kama bibi kizee. Nikasema ni mahaba.
Kwenye manyoya ya zulia kuna nyayo. Ndogo, za miguu mitupu. Zinatoka ukutani hadi kwenye kiti cha mke wangu. Nimezifuta kwa fagio. Nimekwenda kurudisha fagio, kurudi zipo. Na kiti kimesogezwa dirishani, penye hewa.

Ijumaa, 8 Machi
Tamaa yangu mwenyewe. Nimemwita shemeji aje alione zulia, roho imuume. Tumesimama watatu, ana kwa ana. Mke akapiga chafya. Mimi mdomo nimefumba, nimesahau kabisa kujificha! Sauti ikatoka chini ya miguu yetu, taratibu:
"Pole, mwanangu. Toka humu. Utakufa."
Shemeji alikuwa juu ya meza kabla sijageuka. Mke hakuruka. Alinitazama mimi.
"Kumbe siku zote hukuwa wewe," akasema.
Akafunga begi. Kaondoka na kaka yake.

Jumamosi, 9 Machi
Nyayo zimeelekea mlangoni. Za kurudi hakuna.
Shemeji kapiga simu. Dada yake anapumua vizuri, ila chafya moja tu, na vigae vikampa pole. Ananiomba nije nimchukue. Nikauliza, dada yako? Akasema hapana, huyo mwingine. Nikakata simu. Ana mke wangu, ana bibi wa zulia, lakini zulia hana.

Jumapili, 10 Machi
Sebule imekuwa kubwa. Muuza samani kaniletea mapazia ya nyumba ileile, bei ya kutupa. Nikayatundika, nikayakung'uta. Nikapiga chafya, mimi ambaye vumbi halijawahi kuniweza. Nikasubiri pole yangu.
Pazia likatuna. Upepo hakuna. Sauti nzito ya mzee ikauliza:
"Mke wangu kaenda wapi?"
Nikamjibu kwa adabu zote: kwa shemeji, mzee. Hata wangu yuko hukohuko.
Muuza samani anasema kimebaki kitanda. Nimemwambia akilete kesho.