Ndugu Sita, Matundu Matano

Jumanne, 14 Oktoba
Imerudi! Bastola ya baba mkwe, mzee Thurman, imetoka kwa fundi. Niliichukua kimyakimya kabatini mwake Aprili, alipolazwa kwa nyonga. Siku zote analalamika kwamba kwa risasi zile nyembamba dubu atacheka tu. Sasa mtutu mpya, silinda mpya ya matundu ya risasi, na risasi zenyewe nene kama kidole gumba. Acheke aone! Shemeji Royce alimpa tandiko la farasi. Tandiko! Mzee akiona zawadi yangu, kibanda cha kuwindia kule mtoni ni changu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeijaza risasi. Tano. Nimerudia. Tano! Kila mwaka kabla ya msimu wa kuwinda mzee hupiga risasi sita kilimani, moja kwa kila ndugu wa tumbo lao, akitaja jina. Watano ni marehemu. Ya mwisho ni yake mwenyewe, kitinda mimba, kushukuru kwamba bado yupo. Nimempigia fundi simu. Akasema risasi nene hazienei sita, tena aliniambia mara mbili, nami nikawa naulizia rangi ya mpini. Nikamsihi aongeze tundu moja tu. Akasema chuma si mchuzi, bwana, hakiongezwi maji. Nikauliza kuhusu silinda ya zamani. Akasema mtutu umeshakuwa mpana, risasi ndogo ingepita humo kama njegere kwenye bomba.

Alhamisi, 16 Oktoba
Sikulala. Mpango: apunguzwe ndugu mmoja. Wakati wa kahawa nikamdokeza mzee kwamba marehemu Emmett aliuza ng'ombe wa familia akahamia California, labda hahitaji risasi. Mzee akaniuliza kama nilikuja kuoa au kuhesabu maiti. Royce alicheka hadi akapaliwa. Akasema, "Shemeji, ukimaliza marehemu, utuambie na walio hai unaowapunguza."

Jumamosi, 18 Oktoba
Theluji. Bastola niliirudisha kabatini jana usiku, leo tumepanda nayo kilimani. Vidole vya mzee vimekakamaa, nikaomba nimjazie. Risasi ya kwanza ilimrudisha hatua mbili, kofia ikaruka. Akageuka, akanikazia macho. Nikasema ni zawadi, baba. Akatabasamu! Akaendelea, kila jina likitikisa bonde. Hata Emmett alipata yake. Kisha akataja Thurman. Tk. Haikulia. Mzee akashusha mkono, akapauka. Akasema basi, ameitwa na ndugu zake. Nikaanza kueleza habari ya matundu. Akasema ninyamaze, nimemzika akiwa amesimama.

Jumapili, 19 Oktoba
Kibanda kimekwenda kwa Royce. Mzee ametangaza mezani, huku anajipima mapigo ya moyo. Bastola nimepewa mimi, maana hataki kuiona. Mke wangu Lorna haongei nami. Hata hivyo Royce si mtu mbaya, ameniachia ufunguo nimwangalizie kibanda mpaka arudi Ijumaa. Nimekikagua. Jiko la kuni la marehemu mama mkwe ni dogo mno, aibu. Fundi vyuma anakuja kesho kulikata na kulipanua. Simwambii Royce. Atafurahi tu!