Siagi kwa Jina la Sayansi

Jumatatu, 4 Machi
Nimekubaliwa! Kliniki inajaribu kidonge cha kuzuia kolesteroli isipandishwe na chakula. Tuliojitolea tunapewa mayai na siagi tukale nyumbani. Amri ya daktari! Nusu yetu tuna dawa, nusu vidonge vitupu, na hakuna anayejua nani kapata nini. Kolesteroli ikipita kiwango, unatolewa.

Mke wangu, anayenilisha kabichi ya kuchemsha tangu mwaka jana, amenuna. Anasema moyo wangu si wa kuchezea. Nimemwambia mimi sasa ni mtu wa sayansi. Kinachonikera ni kwamba kaka yake naye amekubaliwa. Shemeji gani huyu, kila niendapo yupo!

Jumatano, 13 Machi
Vipimo. Kolesteroli yangu imepanda kidogo. Muuguzi akauliza kama nakula kitu kingine. Nikakana. Soseji za kibandani hazihesabiki, nilizila nimesimama.

Ya shemeji imeshuka! Siagi yote ile, na imeshuka! Basi mambo wazi. Yeye kapewa dawa, mimi nimezugwa. Sikubali.

Alhamisi, 14 Machi
Nimemtembelea shemeji. Alifurahi, masikini, akaenda kuchemsha chai. Nikahamisha vidonge haraka, vyangu kwenye chupa yake, vyake kwenye yangu. Paka wake, mnene kupindukia, akanikodolea macho. Nikamkodolea pia.

Ijumaa, 29 Machi
Balaa! Kolesteroli yangu imepaa. Ya shemeji imeshuka zaidi. Daktari kaingiwa na hofu, akafungua orodha yao ya siri ya nani kapewa nini: eti mimi ndiye niliyepewa dawa tangu mwanzo! Shemeji alipobanwa akakiri kwamba siagi inamtia kichefuchefu, yote alikuwa akimpa paka. Tumetimuliwa wote wawili. Mimi sikukiri lolote.

Daktari alisema nikiendelea hivi moyo utasimama. Niliogopa, nasema kweli. Mke wangu hakunigombeza. Alikaa kitandani akalia, na hilo liliniuma sana.

Jumamosi, 30 Machi
Kabichi.

Nimetafakari. Kosa si langu. Kosa ni la paka.

Jirani kaniambia kliniki ya mtaa wa pili inajaribu dawa ya kisukari, na wanaojitolea wanalishwa keki. Keki! Nimeshajiandikisha na chupa ya vidonge ninayo. Kwenye foleni nikamkuta nani? Shemeji, na chupa yake mkononi, anachekacheka. Anasema keki anaipenda.

Safari hii sisubiri vipimo. Nambadilishia vidonge leo leo.